Tumbo Mbili Anakuya Noeli

Yenga, siku ya misa, tarehe 6 mwezi wa kumi, 2002

Mvua tangu misa. Masomo imefungwa tena, na miye sijui kukaa bure, mikono inaniwasha. Ndiyo sababu nimekubali wazimu ya Dany. Dany ndiye anapigaka kamera kwenye ndoa na matanga hapa Bunia. Sasa ndoa hakuna, na matanga ni mingi lakini hakuna mwenye anataka ipigwe kamera. Akaniambia: "Mama Lucienne, tufanye filimu ya Noeli. Ya kuchekesha. Familia nzima ikae iangalie." Nikamuuliza ni familia gani ingali nzima huku. Akacheka tu, akasema andika, weye ni mwalimu.

Nimeandika. Papa mumoja wa muji anaalika watu kwa Noeli, anajisifu ataua mbuzi. Kaka ya bibi yake anashuka toka milimani siku nyingi mbele, mbuzi ingali inapumua, na anaanza kula. Anakula ya asubuhi, anakula ya wageni, anakula hata maganda ya viazi ya mbuzi mwenyewe. Jina yake Tumbo Mbili. Nilicheka peke yangu nikiandika, mupaka Gentille akatoka chumbani kuangalia kama mama yake ameshikwa na malaria.

Siku ya kazi tatu, tarehe 9

Muzee Floribert, katekista, atakuwa Papa. Huyu anaongea kama anasoma barua ya mutume, hata akiomba chumvi. Miye nitakuwa Mama. Gentille wangu, wa miaka kumi na mbili, atakuwa binti yetu. Tumbo Mbili ni Gaspard, mwenye anatengenezaka maredio sokoni, na huyu sikumutaka. Anachelewa. Anaongea mwenzake akiwa anaongea. Anakula mikate ya bibi yake Angélique mbele ya wateja wake. Alizaliwa kwenye kambi ya wachimba dhahabu, baba hamujui, kijiji hana, ukimuuliza kabila anajibu, "Kabila yangu ni karai ya dhahabu." Lakini anaweza kuigiza mutu yeyote. Aliniigiza miye nikifokea watoto wa masomo, Gentille akaanguka chini kwa kucheka. Nikasema haya, aingie. Alikuwa amechelewa na leo pia.

Tarehe 12

Floribert ameuliza kama ni vizuri kuweka mutu wa milimani ndani ya filimu, wakati huu. Dany akamujibu kwamba kila muchezo wa Bunia tangu zamani uko na mutu wa milimani anayeongea vile, na bila yeye watu hawacheki. Ni kweli. Hata kwa krismasi ya parokia nikiwa mutoto alikuwako, na tulicheka, na mama yangu alicheka mukono ukiwa kinywani.

Acha niandike wazi. Baba yangu alikuwa mutu wa Mahagi, muvuvi, na jina yake ndiyo nabeba. Muji wote unanijua kama mutu wa Mahagi. Mama yangu alikuwa wa kule milimani, wa wale ambao wenye bunduki wanawatafuta hapa nyumba kwa nyumba tangu mwezi wa nane. Majina ya makabila sitayaandika, yamenichosha. Mama alikufa zamani na luga yake nikaifungia ndani. Hakuna mwenye anajua, ni miye na Gentille tu. Na kama wenye bunduki watasoma hii cahier ninayoandikia, basi watakuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyumba, hawatahitaji tena kusoma.

Tarehe 15

Gaspard alikuja nyumbani nimupime koti ya Tumbo Mbili. Akajaribu kuongea kama mutu wa milimani. Eee Mungu wangu! Ilikuwa aibu. Nilivumilia kidogo, kisha ikanishinda. Nikamuonyesha namna ya kuinua kidevu unaposalimia, namna ya kuvuta neno la mwisho, namna ya kukataa chakula ukiwa unakivuta karibu. Kisha maneno yenyewe, moja moja. Anashika haraka kuliko mutoto yeyote niliyefundisha. Kwa muda kidogo sauti ya mama yangu ilikuwa ndani ya nyumba, na ilitoka kwa huyu mujinga mwenye makombo kwenye ndevu.

Akaniangalia. "Mama Lucienne, hii haifundishwaki kwa masomo."

"Kula mukate yako," nikamuambia.

Akakula. Hakuuliza tena.

Tarehe 18

Mvua. Dany hakukuja.

Yenga, tarehe 20

Tumeanza, uwanjani kwangu. Dany hana mashine ya kukata na kuunganisha, kwa hiyo tunapiga hadithi kama inavyofuatana, toka mwanzo mupaka mwisho. Ukikosea, anarudisha kaseti nyuma na anapiga juu ya kosa. Batri anaichajisha kwa groupe, mashine ya umeme ya parokia. Floribert alikosea kila pahali. Anajisifu juu ya mbuzi kama anatangaza hukumu ya mwisho.

Katikati ya maneno yake tukasikia milio ya bunduki upande wa Mudzipela, karibu kabisa. Gentille akaniangalia. Gaspard, bila kutoka ndani ya Tumbo Mbili, akasema: "Wageni wengine hao wanapiga hodi! Shemeji, ficha sufuria!" Akaingia chini ya meza na sufuria. Dany hakusimamisha kamera. Imebaki ndani, na ni pahali inachekesha kupita zote.

Tarehe 21

Waliopigwa jana ni mwenye kuuza makaa na watoto wake.

Tarehe 26

Gaspard anakuja karibu kila siku sasa, na hachelewi. Anasema ni juu ya kazi. Lakini ananiuliza maneno yasiyo ndani ya filimu: namna ya kuambia mutoto alale, namna ya kuaga. Nilimuuliza anayataka ya nini. Akasema: "Miye niko na luga saba na zote ni za sokoni. Hakuna hata moja yenye mama aliniitia nayo." Nikamupa mboga ya sombe, akamaliza sufuria, hakuna kuigiza hapo.

Yenga, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Kumbe watu wangali wanaweza kucheka namna hii. Mafuta ya groupe yaliisha, kwa hiyo Dany ameonyesha nusu ya filimu kwa sinema ya video ya Mbuyi, karibu na soko, ili watu walipe pesa ya mafuta. Walikaa mupaka chini. Walisimama kwenye madirisha. Gaspard anapokataa bugali mara tatu kwa ile sauti, na mukono wake unavuta sahani, mama mumoja alilia kwa kucheka akabebwa nje. Vijana wanaolinda bariyeri ya barabara walikuwa nyuma na bunduki zao kati ya magoti. Nao walicheka kama watoto, na ni watoto kweli.

Angélique alikuwa pembeni yangu, na mimba yake, tumbo ya tatu hiyo, mukono wake juu ya magoti yangu. "Huyu bwana yangu," akaniambia, "sikujua anajua ile luga." Nikamujibu, "Anajua zote." Nilijisikia muzuri na nilijisikia mubaya.

Tarehe 6

Watoto wa avenue yote wanamwita Gaspard Tumbo Mbili. Anapopita wanapiga kelele kwa ile sauti, naye anawajibu kwa ile sauti. Nilimuita pembeni, nikamuambia aache kujibu. "Mama, ni sifa hii!" Mujinga. Mujinga kabisa.

Tarehe 11

Wamemusimamisha Gaspard kwa bariyeri ya daraja. Watoto walikuwa nyuma yake wanaita, na mumoja kati ya vijana wa bunduki, mugeni asiyeona filimu, akauliza huyu mutu wa milimani anafanya nini mujini. Wenzake wakamuambia ni muchezo. Wakamulazimisha aigize pale barabarani. Wakacheka, wakamuachilia. Angélique alinihadisia hayo. Yeye mwenyewe Gaspard hakuigiza kitu leo. Alikunywa chai tu.

Nikamuambia aende. Apite Marabo, ashuke mupaka Epulu, iko watu wake wa mungodi kule, wale wachimba dhahabu.

"Nikikimbia watasema: munaona, alikuwa mutu wao. Watamushika Angélique." Kisha akasema: "Na filimu imebakia scène moja tu."

Nilimufokea kama mutoto wa darasa la kwanza. Nilimuambia filimu ipotelee mbali. Akaniangalia na huruma, eti ni miye wa kuhurumiwa.

Tarehe 14

Mvua na mawe. Mahindi yote ya uwanja imelala.

Siku ya kazi tatu, tarehe 20

Nitaandika yote, mupaka mwisho, hata mukono ukikataa.

Jana baada ya saa sita walikuja kumuchukua Gaspard sokoni. Yule mugeni wa bariyeri alikuwa ameenda kusema kwa mukubwa wao. Angélique alikimbia kwangu bila viatu. Nikaenda kumutafuta Dany na Floribert. Tukaambiana: tutaenda siye wote wa filimu, na kaseti, na koti ya Tumbo Mbili, waone ni muchezo. Nikamuchukua Gentille pia, Floribert alisema mutoto analegezaka roho ya askari. Ni miye niliyekubali hiyo.

Wale wenye bunduki wanakaa ndani ya nyumba ya mufanyabiashara mumoja aliyekimbia. Mukubwa wao wanamuita Shefu tu, kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti ya baridi ya zambarau ingawa ni joto. Gaspard alikuwa amesimama mbele ya ukuta, shati imepasuka, kinywa imevimba. Siye tukasimama sebuleni. Angélique walimuacha mulangoni, nyuma yangu.

Shefu alikuwa ameona filimu. Alipotutambua akafurahi! Akamuita Floribert "Papa wa mbuzi". Akasema: "Haya, musitetemeke. Aongee sauti yake mwenyewe, tusikie."

Gaspard akaongea. Akaongea Swahili ya mungodi, kisha Lingala ya askari, kisha akaigiza padri wa Bunia anayetafuta mawani yake wakati wa misa. Na ile kinywa imevimba. Vijana wakaanza kucheka. Shefu akacheka, akapiga mukono yake kwenye paja. Nilisikia pumzi ya Angélique nyuma yangu inarudi. Tulikuwa tunaenda nyumbani. Niliona ndani ya kichwa yangu tunaenda nyumbani.

Hapo Floribert akasogea mbele. Hakuna mutu alimuuliza. Akanyoosha koti yake, akasema na ile sauti ya kanisa: "Shefu, huyu ni artiste. Ile luga si yake, aliifunza kwa bidii. Na miye nasema, haiwezekani kuijua vile bila kufundishwa na mwenyewe wa luga."

Alitaka kumusifu. Najua alitaka kumusifu.

Shefu akaacha kucheka. "Kufundishwa na mwenyewe," akasema. "Mwenyewe gani?"

Floribert akarudi nyuma hatua moja.

"Siye tumesafisha muji hii," Shefu akasema. "Sasa munaniambia iko mwenyewe mumoja hapa Bunia anafundisha watu?" Akamugeukia Gaspard, na aliongea polepole, bila hasira. "Ni rahisi. Kama unaigiza, iko mutu alikufundisha. Unitajie, na uende kwako na bibi yako. Kama hakuna, basi ni weye mwenyewe."

Mukono ya Gentille ilikuwa ndani ya mukono yangu. Niliisikia inakuwa baridi, naye hakusogea, hakuniangalia, mutoto wangu wa miaka kumi na mbili alijua kwamba hapaswi kuniangalia. Nilikuwa na neno. Lilikuwa fupi: ni miye. Nilifungua kinywa. Nilifikiri, nikisema, watauliza na huyu mutoto ni wa nani. Nikafunga kinywa. Nikafungua tena. Hakuna kitu kilitoka.

Gaspard, mwenye anaangaliaka watu wote usoni, hakuniangalia hata mara moja. Aliangalia kalenda ya yule mufanyabiashara ukutani. Kisha nikaona mabega yake yanashuka, kidevu inapanda, namna nilimuonyesha. Akasema kwa Swahili ya milimani: "Hakuna mutu alinifundisha. Ni miye."

"Angalia muzuri vile unasema," Shefu akamuambia.

"Ni miye. Ni luga ya mama yangu."

Na walipomushika mikono akasema neno moja ndani ya luga yenyewe, akiangalia bado ukuta. Ni neno la kuaga. Kule kwa mama yangu, ukitoka kwa nyumba ambako umelishwa, unaambia mama wa nyumba: moto yako isizime. Alilisema vizuri kabisa. Kwa wale vijana ilikuwa ndiyo hakikisho. Wakamutoa kwa mulango wa nyuma.

Angélique alilia jina yake. Siye tukatolewa nje. Hatukufika barabarani tukasikia bunduki.

Tarehe 21

Wamekataa kurudisha maiti yake.

Tarehe 24

Matanga kwa Angélique, bila kaburi. Watu ni wachache, wengine wameamini alikuwa wa milimani na wanaogopa kuonekana. Niliona mama mumoja, aliyekuwa anabeba mikate ya Angélique kwa mukopo mwaka muzima, anapita avenue ya pili ili asisalimie. Nilibeba maji, nilipika, nilifagia. Angélique aliniangalia nikifagia.

Floribert alikaa chini kwenye mukeka pamoja na wanawake. Alinishika nguo: "Mama Lucienne, nilisema nini kibaya?" Mutu mukubwa mwenye nywele nyeupe, na anauliza kweli, hajui. Nilitaka kumupiga. Nikamupa kikombe ya chai.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili

Floribert hakusoma somo kanisani leo. Walimuita, akatikisa kichwa.

Tarehe 5

Gentille haongei nami vizuri. Nikimutuma anaenda, nikimuuliza anajibu, lakini ni kama nimemuajiri. Jana aliniuliza: "Mama, kama singekuwa pale, ungesema?" Nikamuambia ndiyo. Nikamuambia haraka sana. Aliendelea kuchagua maharagi.

Tarehe 9

Dany amekuya, uso kama majivu. Shefu anataka filimu yake. Anataka imalizwe na ionyeshwe siku ya Noeli kwa Mbuyi, kwa watu wote, na vijana wake wataingia bure. Dany alimuambia kwamba mutu mukubwa wa filimu hayuko. Shefu akamujibu: "Basi semeni ameshiba ameenda."

Tarehe 15

Mvua imekwisha, vumbi imeanza. Tumepiga scène ya mwisho. Familia iko mezani, mbuzi imeiva, na Papa anatangaza kwamba Tumbo Mbili ameshiba amerudi kwake milimani. Floribert alikosea mara nyingi sana, na Dany alirudisha kaseti kila mara. Mara ya mwisho Floribert alilisema bila kosa, polepole, kwa sauti ya mutu wa kawaida. Sikujua kama yuko na sauti hiyo. Kisha ilikuwa tucheke wote. Tulicheka.

Mbuzi ilikuwa ya kukodisha kwa jirani, tukairudisha. Nyama ya mezani ilikuwa ndizi ndani ya mafuta.

Noeli

Sinema ilijaa kupita mara ya kwanza. Walikuwako hata wale walioogopa kuja kwa matanga. Shefu alikaa mbele na koti yake ya zambarau. Gaspard alipotokea tu mulangoni na mufuko yake, kabla hajasema kitu, watu walianza kucheka, na niliona wanaangaliana kwanza kuona kama imeruhusiwa. Shefu akacheka. Basi wote wakaachilia.

Kijana mumoja wa bunduki alikuwa nyuma yangu anarudia kila neno la Tumbo Mbili, na analikosea. Alinigonga bega: "Mama wa filimu, weye huchekaki?" Nikacheka. Nikapiga makofi. Gentille pembeni yangu alicheka pia, kwa sauti kubwa, na nilimuogopa.

Tarehe 27

Leo nilienda kwa Angélique. Singeweza kukaa tena. Alikuwa anakaanga mikate nje, tumbo imemufika kwenye magoti, watoto wake wawili wanacheza na skrubu za redio za baba yao. Nikakaa kwenye kiti ya chini. Nikamuambia yote, bila kuzunguka: mama yangu, luga, koti, mafundisho. Nikamuambia ni miye niliyemufundisha, na kwamba ningesema neno moja angerudi nyumbani.

Aligeuza mikate. Nikafikiri hakusikia.

"Nilijua," akasema. "Kwa Mbuyi nilijifanya sijui, lakini aliniambia siku ile ile ulipomupima koti. Akasema Mama Lucienne analia akifundisha, na hajui kama analia."

Sikujua kweli.

"Alisema nini ile mara ya mwisho? Ile neno."

Nikamuambia. Moto yako isizime. Akalirudia kwa Swahili, midomo tu. Kisha akatoa mikate ndani ya mafuta, mumoja mumoja, akaipanga kwenye karatasi, wala hakunipa.

"Miye nilikuwa nyuma yako," akasema. "Nilikuwa naangalia mugongo yako. Nilikuwa naomba Mungu akufungue kinywa. Nikaomba sana. Kisha nikaona mukono ya Gentille, nikaomba akufunge. Na mara hiyo hiyo nikaomba tena akufungue. Sijui ni ombi gani alisikia."

Nilianza kulia. Alinyoosha mukono kunikataza, kama unavyokataza mutoto asikaribie moto.

"Sitakusema kwa mutu. Gaspard alinunua siri hiyo, siwezi kuitupa. Lakini usikuje tena kwangu, Mama Lucienne. Hata nikijifungua, usikuje."

Nikasimama. Watoto walinisalimia kwa ile sauti ya Tumbo Mbili, kidevu juu, sawasawa kabisa, na mama yao akawapigia kelele wanyamaze.